Sodo na Kamba ya Nguo

Neno sodo ni la zamani kuliko pedi. Fungua kamusi ya Kiswahili uone: sodo ni kitambaa anachovaa mwanamke akiwa hedhini. Kitambaa. Siku hizi magazeti yetu yakiandika sodo, au visodo, yanamaanisha kile kitu cha dukani kinachovaliwa mara moja kisha kikatupwa, na hakuna msomaji anayeshtuka. Neno limebaki, kitu chenyewe kimebadilika.

Nimeanza na neno kwa sababu miaka hii tumekuwa tukiambiwa kwamba wasichana wa Kenya wanahamia sodo za kufuliwa na vikombe vya hedhi, na tunaambiwa kana kwamba ni jambo lililoletwa juzi na watu wa mazingira. Kwa upande wa sodo za kufuliwa, mgeni ni ile pedi ya kutupa. Sasa watu wakirudia kitu walichokiacha, swali la kwanza ni kwa nini walikiacha. Nikiitazama historia, sioni kwamba kitambaa kiliachwa kwa kushindwa kufyonza damu. Kiliachwa kwa sababu kilikuwa na kazi: kutafuta maji, kufua bila kuonekana, na kuanika. Pedi ya dukani ilikuja ikisema kazi hizo zimeisha. Leo tunaombwa tuzirudie, na ni wachache wanaotuuliza tutaanika wapi.

Kabla ya duka

Pwani ya Afrika Mashariki imefuma pamba kwa karne nyingi. Katika magofu ya miji ya kale kama Kilwa, na Shanga kule kisiwani Pate, wanaakiolojia wamechimbua vigurudumu vidogo vilivyotumika kusokotea nyuzi. Karne ya 19 ikaleta merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichotoka viwanda vya Massachusetts, kikashushwa Zanzibar na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, kikabebwa na misafara hadi bara. Jina lenyewe linakuambia kilitoka wapi. Mwishoni mwa karne hiyo leso zikashika pwani. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la leso za "Mali ya Abdulla", liko Mombasa tangu 1887.

Historia ya nguo huandikwa kwa upande wa biashara: nani aliuza, nani alivaa, leso iliandikwa maneno gani. Maisha ya mwisho ya nguo hayaandikwi. Leso ikiwa mpya huvaliwa arusini. Ikizoeleka huvaliwa jikoni. Ikichoka hubebea mtoto. Ikiwa kuukuu kabisa, imefuliwa mara nyingi hadi nyuzi zimelainika, hapo ndipo hukatwa vipande. Pamba mpya hainyonyi maji vizuri kama pamba iliyofuliwa sana, yeyote aliyejifuta na taulo jipya anajua. Kwa hiyo sodo bora ilitoka kwenye leso iliyochoka, na haikugharimu hata senti.

Nilimuuliza nyanya yangu, mwenyeji wa Mombasa aliyezaliwa miaka ya 1940. Alinitazama kwanza.

"Mambo hayo wataka kuyaandika?"

"Ndiyo, nyanya."

Akacheka, kisha akaniambia yote. Kitambaa hukunjwa mara nne, kikashikiliwa na ukanda kiunoni. Hufuliwa kwa maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu kwenye nguo. Sabuni huja baadaye. Nikamuuliza walikuwa wakianika wapi.

"Kambani, chini ya leso nyingine," akasema. "Jua lapita, jicho la mtu halipiti."

Hayo alifundishwa na somo yake, mwanamke mzima ambaye hakuwa mama yake, siku alipovunja ungo. Mombasa ilikuwa na wanawake wenye kazi hiyo. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameandika juu ya makungwi na mafunzo waliyowapa wasichana. Dini nayo ilikuwa na lake la kusema. Kwa Mwislamu hedhi ina fikihi yake: mwanamke haswali wala hafungi, na damu ikikatika huoga josho. Maana yake ni kwamba nyumbani watu walijua, hata kama hawakusema. Kitambaa kilikuja pamoja na mtu wa kukufundisha na kisima cha kuchota maji.

Sisemi kwamba zamani palikuwa pazuri. Ile leso ya juu, ya kufunikia, inasema mengi. Msichana aliyekuwa na ua lenye kamba alianika chini ya leso. Aliyekuwa hana alisukuma kitambaa chini ya godoro, na kitambaa kibichi chini ya godoro hakikauki. Kinavunda. Ukikivaa hivyo kinawasha, na mwenyewe atanyamaza hadi awe mgonjwa. Wasichana walipoanza kwenda shule za mbali, na familia zilipohamia mijini kwenye chumba kimoja cha kupanga, somo alibaki kijijini na kisima pia. Kitambaa kikaja mjini peke yake. Hapo ndipo pedi ilipomkuta mwanamke akiwa tayari kuipokea.

Pedi iliuza ukimya

Historia ya pedi yenyewe inaanza vitani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ilitengeneza bandeji za majeruhi kutokana na nyuzi za mbao. Inasimuliwa kwamba wauguzi ndio waliogundua kuwa bandeji hizo zinafaa pia kwa hedhi. Vita vikaisha, kampuni ikabaki na malighafi isiyo na mnunuzi, na mwaka 1920 ikaanza kuuza pedi kwa jina Kotex.

Kilichosumbua ni namna ya kuitaja. Mwanamke angemwambia nini mwanamume aliyesimama kaunta? Maduka mengine yakatafuta njia: pakiti ziliwekwa mezani na kisanduku kando yake. Chukua, tumbukiza sarafu, nenda zako. Hakuna aliyehitaji kufungua mdomo. Kwa karibu nusu karne pedi hizo zilishikiliwa kwa mkanda na pini, hadi ilipokuja gundi ya kubandika kwenye chupi karibu mwaka 1970. Kutoka hapo ikawa kitu chepesi kabisa: bandika, bandua, tupa. Hakuna kufua wala kuanika. Hakuna mtu kambani wa kukuuliza.

Ukifikiria vizuri, kilichouzwa kilikuwa pamba na ukimya kwa pamoja, na sisi tuliununua ukimya huo kama wenzetu. Kioski ya mtaani kwetu ilikuwa na mifuko myeusi ya plastiki. Unga ulitiwa kwenye mfuko wowote. Mkate ulibebwa mkononi. Lakini ukiitisha pedi, mwenye duka alizifunga kwanza kwenye gazeti, kisha kwenye mfuko mweusi, akakupa huku akiangalia kando. Mtaa mzima ulijua mfuko mweusi umebeba nini, hivyo sielewi ulimficha nani.

Sheria zetu, na kilichosahaulika

Serikali ya Kenya imefanya mambo makubwa katika suala hili, na ni haki tuyataje. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure na madarasa yakajaa. Mwaka 2004, David Mwiraria akiwa Waziri wa Fedha, ushuru wa VAT ukaondolewa kwenye pedi, na Kenya ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Uingereza ilifika hapo Januari 2021. Kuanzia 2011 serikali ikawa inatenga pesa, kama dola milioni 3 kwa mwaka, za kuwapelekea wasichana wa shule pedi. Kisha Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi. Kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma ana haki ya kupewa sodo za bure, za kutosha na zenye ubora. Hiyo ni sheria, na haimwachii mfadhili huruma yake.

Ilihitajika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahoji wanawake na wasichana 3,418 vijijini magharibi mwa Kenya, ulikuta kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 kwenda chini, asilimia 10 walisema wamewahi kufanya ngono ili wapate pesa za pedi. Soma sentensi hiyo tena kabla hujacheka na mtu anayezungumzia hedhi hadharani.

Lakini hebu tuisome sheria hiyo ya 2017 kwa makini. Inataja sodo, na inataja njia salama ya kuzitupa bila kuharibu mazingira. Kutupa kumeandikwa ndani yake. Maana yake waliotunga sheria walipofikiria sodo, walifikiria kitu cha kutupwa. Kufua hawakukuona, wala kuanika. Zaidi ya miezi miwili hivi baadaye, tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza kutumika. Kwa hiyo mwaka mmoja ulituletea ahadi ya pedi kwa kila msichana, ambazo nyingi zina plastiki mgongoni na wakati mwingine hata juu, na marufuku ya ule mfuko mweusi wa kuzifungia. Mfuko ulikwenda. Plastiki ya ndani ikaendelea kuteremka chooni, na mtu yeyote aliyesoma shule yenye vyoo vya shimo anajua shimo huzibwa na nini.

Mpango wa pedi za shule ulikuwa na udhaifu mwingine ambao hatukuuona hadi Machi 2020. Korona ilipofunga shule, wengi wa wanafunzi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Pedi zilikuwa zikipitia shuleni. Shule ikifungwa, mlango wa pedi nao umefungwa, ila hedhi haingoji shule zifunguliwe. Msichana aliyekuwa na sodo nne za kufuliwa sandukuni mwaka huo alikuwa na uhakika ambao mwenzake wa pakiti ya mwezi hakuwa nao.

Na sheria haikuondoa aibu. Tarehe 14 Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti akiwa na suti nyeupe yenye doa jekundu. Wenzake wakalalamika, na Spika Amason Kingi akamwomba aondoke akabadilishe nguo. Hilo ni bunge la nchi iliyoongoza dunia kuondoa ushuru wa pedi. Tumeweza kulipia pedi kabla hatujaweza kulitazama doa.

Kikombe kilichokufa kikafufuka

Kikombe cha hedhi nacho si kipya kama tunavyodhani. Mwaka 1937 mwigizaji wa Marekani, Leona Chalmers, alipata hataza ya kikombe cha mpira cha kukinga damu. Wazo lilikuwa lilelile la leo: unakikunja, unakiingiza, kinajaa, unakimwaga, unakiosha. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Mwaka 1942 Japani ikaiteka Malaya, mpira mwingi wa dunia ukakosekana, na uliobaki ukawa wa matairi ya magari ya vita. Kikombe kikazimika. Majaribio ya baadaye ya kukifufua hayakufika mbali, hasa kwa sababu wanawake waliambiwa tangu utotoni kwamba mwili wao huko chini haushikwi. Ni mpaka silikoni ya hospitalini ilipoanza kutumika, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndipo kikombe kilipopata maisha ya pili.

Na maisha hayo ya pili yana sura ya Kenya. Kule Gem, kaunti ya Siaya, watafiti wa KEMRI na wa chuo cha tiba za kitropiki cha Liverpool waligawa shule 30 za msingi katika makundi matatu. Kundi moja la wasichana wa miaka 14 hadi 16 lilipewa vikombe, lingine pedi, la tatu likaendelea na desturi yake. Wasichana 751 walishiriki. Matokeo yalichapishwa 2016, na yanafaa kusomwa na wale wote wanaodhani kifaa kimoja kitaokoa kila kitu: vikombe na pedi havikupunguza idadi ya wasichana walioacha shule. Kuacha shule kuna sababu zake nyingine, karo, mimba, njaa. Lakini maambukizi ya zinaa yalikuwa asilimia 4.3 kwa waliopewa vikombe au pedi, na 7.7 kwa wasiopewa chochote. Jaribio kubwa zaidi likafuata Siaya hiyohiyo, shule za sekondari 96 na wasichana 4,137, wengine wakipewa vikombe, wengine pesa, wengine vyote viwili. Hapo pia kuacha shule hakukubadilika, ingawa wasichana waliopewa vikombe pekee walipata maambukizi machache zaidi ya HSV-2, yaani malengelenge ya sehemu za siri.

Kuna jambo dogo katika utafiti wa Gem ambalo nalipenda. Watafiti walijua msichana anaweza kusema anatumia kikombe kumbe kimo kabatini. Basi walitazama rangi. Kikombe kinachotumika hubadilika rangi kidogo kidogo. Na rangi ilionyesha kwamba matumizi yalipanda kwa miezi, si kwa siku. Wasichana walihitaji muda, walihitaji kuulizana wao kwa wao, walihitaji muuguzi wa kwenda kumwona kikikataa. Nyanya yangu angesema walihitaji somo.

Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 zenye washiriki 3,319 kutoka nchi tajiri na maskini. Kikombe kilizuia kuvuja sawa na pedi au zaidi, na pale washiriki walipoulizwa, karibu asilimia 73 walitaka kuendelea nacho. Kwa upande wa vitambaa, majirani zetu wa Uganda nao wana lao: AFRIpads ilianza karibu 2010 kijijini Kitengeesa, karibu na Masaka, kwa kushona sodo zenye mabawa, vifungo, na tabaka la ndani lisilopitisha maji. Ukiitazama sodo hiyo unaona ni kitambaa cha nyanya kilichopelekwa kwa fundi. Tofauti ni kwamba haitelezi.

Hesabu ya ploti

Sasa nikuambie kwa nini mada hii inanihusu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, nikaanza kuandika makala za kulipwa moja moja. Sodo za bure za sheria ya 2017 ni za shule za msingi na sekondari. Ukivuka kidato cha nne, hata ukiwa huna kitu, uko peke yako. Pesa zangu zilikuja vipande vipande, na pedi nikazinunua vivyo hivyo. Kioski zetu huuza hata kipande kimoja. Pakiti ya vipande 8 nilikuwa nikiipata kwa shilingi 80, yaani shilingi 10 kila kipande. Kipande kimoja kimoja kilikuwa shilingi 15. Asiye na pesa ndiye hununua ghali, na hilo ni kweli kwa unga, kwa mafuta na kwa hedhi pia.

Natumia kama vipande 20 kwa mwezi. Kwa bei ya kioski hiyo ni shilingi 300, sawa na 3,600 kwa mwaka. Fundi wa nguo mtaani alinishonea sodo tano kwa shilingi 1,000. Baadaye nikanunua kikombe kwa 2,000, na kikombe kikitunzwa kinaweza kufika miaka 10. Ukipiga hesabu ya miaka 10 kwa pedi za kioski unafika shilingi 36,000 bila bei kupanda hata siku moja. Kwa karatasi, hakuna mjadala.

Lakini maisha ya ploti hayako kwenye karatasi. Sodo tano zinataka maji. Siku maji yako, mtungi wa lita 20 ni shilingi 20. Siku hayako, bei ni ya mwenye mkokoteni, na kuna wiki ambazo hata yeye haonekani. Kikombe kinataka kuchemshwa kila baada ya hedhi, na sufuria kwetu ni mbili: moja ya ugali, nyingine ya chai. Nililazimika kununua ya tatu, ndogo, na kuieleza. Choo ni kimoja kwa vyumba sita, bila bomba ndani, kwa hiyo kumwaga na kusuuza kunataka uingie na chupa ya maji mkononi huku kuna mtu mlangoni anagonga. Hayo yote yanawezekana. Yanataka mpango tu, na mpango unataka mtu wa kukuonyesha.

Kisha kuna kamba. Kwetu kamba ziko juu ya paa, za wapangaji wote. Siku ya kwanza nilianika sodo zangu wazi, zina maua ya zambarau. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wawili, akazishika.

"Hizi ni za mtoto?"

"Hapana, mama. Ni sodo."

Akaguna. Wiki iliyofuata aliniuliza bei. Msimamizi wa ploti ndiye aliyekuja na sura nyingine. "Wewe msichana, hizo vitu zako toa hapo, kuna wazee wanapita." Nikamuuliza kama suruali za ndani za hao wazee, zilizokuwa zikipepea kamba ya pili, yeye hazioni. Hakujibu. Sodo zikabaki hadi zikakauka, na jua la Nairobi la saa nane halibagui nguo.

Si kila mtu anaweza kumjibu msimamizi hivyo. Msichana wa miaka 13 hawezi, wala mke anayeishi kwa mama mkwe. Na si kila mtu afuate njia yangu. Kuna wenye damu nyingi mno, kuna wasiopenda kuingiza kitu mwilini, kuna familia zinazohofia suala la ubikira, na hofu hiyo hujibiwa kwa maelezo ya taratibu, si kwa kejeli. Pedi ya kutupa itaendelea kuwa na kazi yake, hasa mahali ambapo maji ni ya kunywa tu. Kumpelekea msichana wa eneo la ukame sodo za kufuliwa bila mtungi wa maji ni kumwongezea mzigo na kuuita zawadi.

Cha kuongeza kwenye sheria

Tunayo Sera ya Usimamizi wa Hedhi ya 2019 hadi 2030. Bado muda upo. Ninachoomba mimi ni kitu cha kawaida kabisa. Shule ikipewa sodo za kufuliwa au vikombe, ihesabiwe pia bomba, sabuni, chumba chenye komeo na mahali pa kuanika penye jua. Mwalimu au muuguzi mmoja apewe wakati wa kurudi kwa wasichana mwezi wa pili, wa tatu na wa sita, kwa sababu Gem ilituonyesha kwamba mtu hajifunzi kwa hotuba ya siku moja. Na wavulana wawe darasani, ndio watakaokuwa wasimamizi wa ploti na maspika.

Gharama ya hayo si ya kutisha ukiilinganisha na kununua pakiti kila mwezi kwa mamilioni ya wasichana, milele. Lakini bomba halipigwi picha vizuri kama katoni za pedi zikikabidhiwa na mheshimiwa. Kamba ya nguo ndiyo kabisa. Hakuna anayekata utepe kuzindua kamba.

Sheria ya 2017 ikirudishwa bungeni siku moja, na sheria zote hurudi, kile kipengele cha kutupa kiachwe palepale. Kiongezwe kingine cha kufua na kuanika. Maneno yasizidi mstari mmoja: maji, sabuni, na kamba juani.